Plasmidi ya Protini Yenye Lebo kwa Seli za Mamalia: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Magharibi mwa Kenya

Kazi ya kutengeneza plasmidi (DNA ya mviringo inayobebeshwa jeni) ili seli zizalishe protini yenye lebo huharibikia kwenye kompyuta kabla ya kuharibikia kwenye pipeti. Mtu anayelalamika kwamba seli zake zimekataa kutoa protini mara nyingi ana herufi moja ya DNA iliyozidi, au ameweka lebo upande usiofaa, na hata amwage plasmidi kiasi gani juu ya seli hizo hatapata kitu. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye usanifu, na nitapita haraka kwenye yale ambayo kila pakiti ya kutolea DNA tayari imeyaeleza kwenye karatasi yake.

Mfano wangu ni wa huku kwetu: protini ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria ambacho watu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kisian wamekitafiti kwa miaka mingi. Tuseme unataka sehemu ya protini inayokaa nje ya kimelea, yenye jeni la herufi 1,200 hivi, na lebo ya FLAG mwishoni. Plasmidi ni pcDNA3.1(+), ya kuzalishia protini katika seli za mamalia, na seli ni za binadamu za HEK293T. Kwa nini usitumie bakteria, ambao ni rahisi kufuga? Kwa sababu protini nyingi za juu ya kimelea zina vifundo vya salfa ambavyo bakteria huvifunga ovyo, na protini iliyojikunja vibaya haikuambii lolote kuhusu kinga ya mtu. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walipoonyesha kwamba protini ya RH5 ya kimelea hushikana na basigin, protini iliyo juu ya chembe nyekundu za damu, walikuwa wamezalisha protini zao katika seli za jamii ya HEK293.

Chagua lebo, kisha uchague upande

Lebo ni kipande kifupi cha asidi amino ambacho tayari kuna kingamwili ya kukitambua. FLAG ina asidi amino 8 (DYKDDDDK), HA ina 9 (YPYDVPDYA), Myc ina 10 (EQKLISEEDL). Histidini sita hufaa zaidi kwa kusafisha protini kwa nikeli kuliko kwa kuitambua. GFP ni jambo jingine kabisa: ina asidi amino 238 na uzito wa kilodaltoni 27 (kipimo cha uzito wa molekuli), hivyo unaiona inang'aa bila kingamwili yoyote, lakini umeifungia protini yako mzigo ambao huenda ukabadilisha inakokwenda.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua FLAG au HA. Kingamwili zake ni nzuri, na lebo yenyewe huongeza uzito wa kilodaltoni moja tu hivi.

Sasa upande. Protini inayotolewa nje ya seli huanza na peptidi ya ishara, na hiyo ni kama tikiti inayokatwa mlangoni: ukibandika lebo juu ya tikiti, lebo inabaki mlangoni na protini inaendelea na safari bila jina. Kwa hiyo protini za aina hii hubeba lebo mwishoni, au mara tu baada ya mahali pa kukatia. Protini za mitokondria nazo huwa na anwani yao mwanzoni. Kinyume chake, protini kama Ras hushikizwa kwenye utando kwa asidi amino nne za mwisho, na zile za peroksisomu (vifuko vidogo ndani ya seli) mara nyingi huishia kwa asidi amino SKL. Hizo weka lebo mwanzoni. Usipokuwa na hakika, tengeneza plasmidi mbili, lebo mwanzo na lebo mwisho. Gharama ya praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia kunakili jeni) moja ya ziada ni ndogo kuliko ya mwezi mzima wa kubahatisha.

Andika DNA yote, herufi kwa herufi

Usichore visanduku vyenye mishale. Fungua programu ya kuhariri mfuatano (kuna za bure), weka plasmidi nzima, pachika jeni lako humo, kisha amuru programu itafsiri kuanzia ATG, herufi za kuanzia, hadi mwisho. Ikiwa tafsiri haiishii kwa herufi za lebo yako na kituo kimoja (herufi za kusimamisha) baada yake, hujamaliza.

Mambo manne ya kukagua hapo. Kwanza, kabla ya ATG weka GCCACC, mpangilio uliofafanuliwa na Marilyn Kozak, unaoisaidia ribosomu kujua pa kuanzia. Kilicho muhimu zaidi humo ni A au G iliyo nafasi ya tatu kabla ya ATG. Wengine hubadili asidi amino ya pili ili wapate G baada ya ATG. Mimi siioni haja.

Pili, ondoa kodoni (herufi tatu) ya kusimama ya jeni lenyewe (TAA, TAG au TGA) ikiwa lebo iko mwishoni. Hili ndilo kosa linaloongoza. Protini itazalishwa vizuri kabisa, ila kingamwili ya FLAG haitaiona maishani.

Tatu, usomaji wa herufi tatu tatu. Ukitumia plasmidi ambayo tayari ina lebo ndani yake, hesabu herufi zote kati ya mwisho wa jeni na mwanzo wa lebo, pamoja na zile za mahali pa vimeng'enya vya kukatia DNA. Lazima zigawanyike kwa tatu. Mahali pa kimeng'enya cha BamHI, GGATCC, pakikaa sawasawa katika usomaji husomeka glisini na serini, kiungo laini kinachofaa sana kati ya protini na lebo, kwa hiyo unapata kazi mbili kwa herufi sita.

Nne, tafuta kama vimeng'enya vya kukatia ulivyochagua vinakata ndani ya jeni lenyewe. Hapa tunatumia HindIII (AAGCTT) mwanzoni na XhoI (CTCGAG) mwishoni. Ukitamani XbaI badala yake, kumbuka kwamba TCTAGA ikifuatwa na TC haikatiki kwenye plasmidi iliyotoka kwa bakteria wa kawaida, kwa sababu ya methili, kibandiko cha kemikali ambacho kimeng'enya cha bakteria kiitwacho dam hukiweka kwenye DNA.

Njia ninayoipenda ni kuiweka lebo ndani ya praima, kwenye pcDNA3.1 tupu. Praima ya mbele inakuwa hivi:

GCGC AAGCTT GCCACC ATG + herufi 18 hadi 20 zinazofuata za jeni

Na ya nyuma, ikisomwa kinyume:

GCGC CTCGAG TTA CTTGTCGTCATCGTCTTTGTAGTC + herufi 20 za mwisho wa jeni, zikigeuzwa, bila kituo

Zile GCGC za mwanzo si mapambo. Kimeng'enya cha kukata kinahitaji pa kushikia. Kikifika ukingoni kabisa kinateleza. TTA ni TAA iliyogeuzwa, na zile 24 zinazofuata ni FLAG (GACTACAAAGACGATGACGACAAG) ikisomwa kinyume. Praima ya nyuma ina herufi 57, ni ndefu, lakini halijoto ya kushikamana unaihesabu kwa zile 20 zinazogusa jeni pekee.

Protini ya malaria ndani ya seli ya binadamu

Jeni la falciparum halitulii katika seli ya binadamu bila matengenezo. Jenomu ya kimelea hiki ni A na T kwa takriban asilimia 80, na kodoni zake nyingi ni zile ambazo seli zetu huzitumia kwa nadra. Kulinakili jeni moja kwa moja kutoka kwenye DNA ya kimelea na kulitia HEK ni kujitafutia taabu. Agiza jeni lililoundwa upya kwa kodoni za binadamu, na hapo hapo mwambie mtengenezaji aondoe HindIII na XhoI za ndani. Ukiagiza hivyo, agiza pia ncha zote mbili tayari, pamoja na lebo, praima hutazihitaji.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Kimelea cha malaria hakibandiki sukari za aina ya N kwenye protini zake kama seli zetu zinavyofanya. Seli ya HEK ikiona asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini, nayo iko njiani kutoka nje, huenda ikaibandika sukari. Sukari hizo zinaweza kufunika mahali ambapo kingamwili za mgonjwa hushika. Tafuta mipangilio hiyo yote, kisha ubadili serini au threonini ziwe alanini. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta kabla ya kuagiza, na ni wiki nyingi baada ya kuagiza.

Peptidi ya ishara ya kimelea nayo iondoe, weka ya mamalia, kwa mfano ile ya tPA, protini ya binadamu inayotolewa nje ya seli.

Vibali na kufika kwa DNA

Kazi ya kuhamisha jeni maabarani iko chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na mamlaka yake ya kitaifa, na njia ya kuifikia ni kamati ya usalama ya chuo au taasisi yako. Anza na kamati hiyo mapema, pamoja na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa sababu mzigo ukishafika uwanja wa ndege si wakati wa kutafuta sahihi. Plasmidi nyingi hupatikana kwa Addgene, shirika lisilo la faida la Marekani lililoanza mwaka 2004. Huzituma zikiwa ndani ya bakteria waliochomwa kwenye agari, na chuo chako lazima kitie sahihi mkataba wa kuhamisha nyenzo. Bakteria hao hawahitaji barafu kavu, jambo jema kwa anayepokea kifurushi Kakamega au Njoro. Siku wanapofika, wapandishe kwenye sahani.

DNA iliyoundwa huja ikiwa kavu chini ya kichupa. Izungushe kwenye sentrifuji kabla ya kufungua kifuniko, la sivyo itaruka.

Kukata, kuunganisha, kupandikiza

Kata plasmidi na jeni (lililonakiliwa kwa praima zako au lililoagizwa) kwa HindIII na XhoI kwenye nyuzi 37, tenganisha kwa jeli ya agarosi, safisha. Kwa kuunganisha, tumia nanogramu 50 za plasmidi na jeni mara tatu kwa idadi ya molekuli, si kwa uzito. Hesabu: 50 × (1,200 ÷ 5,400) × 3, yaani nanogramu 33. Ligesi ya T4, kimeng'enya cha kuunganisha DNA, hufanya kazi usiku kucha kwenye nyuzi 16, au saa moja kwenye joto la chumba. Weka kichupa kimoja chenye plasmidi iliyokatwa na ligesi bila jeni. Makoloni yake ndiyo yatakayokuambia ni mangapi kati ya yale mengine ni ya bure.

Kuingiza kwenye bakteria wa DH5α: wayeyushe juu ya barafu, ongeza mikrolita 2 hadi 5, dakika 30 kwenye barafu, sekunde 45 kwenye nyuzi 42, dakika mbili kwenye barafu, mchuzi bila dawa kwa saa moja, kisha sahani ya LB (chakula cha bakteria) yenye ampisilini mikrogramu 100 kwa mililita. Usiziache sahani kwenye inkubeta zaidi ya saa 18. Bakteria wenye plasmidi hutoa kimeng'enya kinachokula ampisilini iliyowazunguka, na pembeni yao huota vikoloni vidogo visivyo na kitu. Bakteria hawa hawavumilii friza iliyoyeyuka na kuganda tena, kwa hiyo umeme ukipotea usiku kucha wajaribu kwanza kwa plasmidi nzima unayoijua, ndipo uwaamini na DNA uliyoiunganisha.

Hapa niingize neno kuhusu otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Vitabu vinasema pauni 15 za presha kwa dakika 20, na hiyo ni kweli ukiwa Mombasa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, na hewa ya huku ni nyepesi. Pauni 15 za geji Kisumu hukupa nyuzi 119 hivi, si 121. Kanuni ni kuongeza nusu pauni kwa kila futi 1,000: Kisumu lenga 17, Nakuru lenga 18, mradi chombo chako kimeruhusiwa presha hiyo. Mashine za kisasa zinazoongozwa na kipimajoto hazina shida hii, bali zile za sufuria zenye geji tu. Kama chombo hakiruhusu, ongeza muda. LB inayochachuka yenyewe baada ya siku tatu mara nyingi ina historia ya aina hii.

Hakiki kabla ya kusherehekea

Chagua makoloni manne, toa plasmidi, kata tena kwa vimeng'enya vile vile. Unatafuta mikanda miwili, wa 5,400 hivi na wa 1,200. Kisha peleka mawili yasomwe kwa njia ya Sanger, kwa praima ya CMV mbele na ya BGH nyuma, zinazoshika plasmidi pande mbili za jeni. Usomaji mmoja hukupa herufi 700 hadi 800 za kuaminika, kwa hiyo jeni la 1,200 linahitaji pande zote mbili. Soma mpaka mwisho wa lebo. Praima ndefu huja na makosa ya utengenezaji, na herufi moja ikikosekana ndani ya FLAG, hakuna lebo.

Ukishapata iliyo sahihi, otesha mililita 100 na utoe DNA nyingi kwa pakiti ya ukubwa wa kati. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe kati ya 1.8 na 2.0.

Seli na PEI

HEK293 zilitengenezwa Leiden, Uholanzi, na Frank Graham mwaka 1973. 293 ni nambari ya jaribio lake. Zile zenye T zimeongezewa antijeni kubwa ya T ya virusi vya SV40, na kwa kuwa pcDNA3.1 ina mahali pa SV40 pa kuanzia kunakiliwa, plasmidi hujizidisha ndani ya seli. Promota ya CMV, kipande cha plasmidi kinachowasha jeni, nayo ina nguvu sana humo. Zichukulie kama seli za ngazi ya pili ya usalama. Zipime mikoplasma, bakteria wadogo sana, mara kwa mara: penisilini haiwaui, maana hawana ukuta wa seli.

Siku moja kabla, panda seli kwenye sahani ya vishimo sita ili kesho zifunike asilimia 70 ya sakafu. Seli hizi hushika sakafu kwa ulegevu, hivyo mimina midia (chakula cha seli) ukutani mwa kishimo, kamwe si juu yake.

Dawa za kuingizia DNA zinazouzwa kwa chupa ndogo ni nzuri, na bei yake inaumiza. PEI (polietilenimini) nyofu ya kilodaltoni 25, iliyoyeyushwa miligramu moja kwa mililita, ikasawazishwa pH 7 na kuchujwa, inafanya kazi hiyo hiyo kwenye HEK kwa bei ya chai. Kwa kila kishimo: mikrogramu 2 za plasmidi ndani ya mikrolita 200 za midia ya DMEM isiyo na seramu, ongeza mikrolita 6 za PEI, koroga mara moja, ngoja dakika 15, dondoshea kote. Seramu isiwepo kwenye mchanganyiko huo wa kwanza. Kwenye kishimo inaruhusiwa. Uwiano wa 3 kwa 1 ni mwanzo tu, jaribu 2, 3 na 4 kwa kila PEI mpya.

Vishimo vingine vitatu si anasa: plasmidi tupu, plasmidi ya GFP, na seli zisizoguswa. GFP ikiwaka kesho yake na protini yako isionekane, tatizo si PEI. Isipowaka, usipoteze muda na kingamwili.

Kwa protini inayotoka nje, badilisha midia baada ya saa sita na uweke isiyo na seramu. Albumini ya seramu, kilodaltoni 66, ni nyingi kiasi cha kuipinda jeli nzima. Vuna midia baada ya saa 48 hadi 72.

Kuhusu umeme: stima ikipotea, usifungue inkubeta kwenda kutazama. Kaboni dioksaidi ikitoroka, DMEM hugeuka zambarau kwa sababu asidi imepungua. Milimola 20 za HEPES, kemikali ya kushikilia pH, ndani ya midia hukununulia muda.

Kutazama protini

Seli zisafishe kwa PBS (maji ya chumvi) baridi, zipasue kwa RIPA (mchanganyiko wa kupasulia seli) yenye vizuizi vya protisi, vimeng'enya vinavyokata protini, dakika 20 kwenye barafu, zungusha kwa nguvu ya g 14,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4. Pima kiasi kwa BCA. Sabuni ya RIPA huivuruga Bradford, njia nyingine ya kupimia protini. Ukipanga kusafisha kwa nikeli, RIPA yako isiwe na EDTA, kemikali inayonyakua madini.

Chemsha sampuli nyuzi 95 dakika tano, kwenye bloku kavu. Nakuru maji huchemka chini kidogo ya 94, kwa hiyo beseni la maji haliwezi kufika hapo hata likitokota. Lipe dakika kumi. Protini zenye kupita kwenye utando mara nyingi usizichemshe kabisa, zitaganda juu ya jeli. Nyuzi 37 kwa nusu saa zinatosha.

Uzito unaoutarajia: idadi ya asidi amino mara daltoni 110. Zetu 400 ni kilodaltoni 44, na FLAG 45. Hapo angalia: aktini, kipimo cha kawaida cha usawa, iko 42, itakaa jirani mno. Tumia protini ya GAPDH, kilodaltoni 36. Tena GAPDH ni kwa seli zilizopasuliwa. Ikionekana kwenye midia ujue seli zinakufa na kumwaga yaliyomo.

Pakia mikrogramu 20 hadi 30 za protini ya seli, na midia yenyewe mikrolita 20, kwenye jeli ya asilimia 10. Hamishia kwenye utando wa PVDF ulioloweshwa kwa methanoli, ziba kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta asilimia 5, kingamwili ya FLAG moja kwa elfu usiku kucha kwenye nyuzi 4.

Mkanda ukikataa kuonekana, au ukionekana pasipo pake

Hakuna kitu kwenye seli? Tazama midia kwanza, ndiko protini inayotolewa nje huenda. Ipo kwenye seli tu na haitoki? Peptidi ya ishara au ukunjaji una walakini. Mkanda uko juu ya 45, mpana na wenye ukungu? Hizo ni sukari: kuna asparajini uliyoisahau, na PNGase F, kimeng'enya kinachoondoa sukari hizo, itakuthibitishia kwa kuushusha mkanda. Mikanda mifupi chini yake ni vipande vilivyokatwa ambavyo bado vina mwisho wenye FLAG. Ongeza vizuizi na uvune mapema. Hakuna popote, na GFP inawaka? Rudi kwenye usomaji wa Sanger, si kwenye PEI. Mkanda ukitokea hata kwa plasmidi tupu, ni kingamwili inayoshika kitu kingine, usiupige picha.

Weka akiba

Mikrolita 500 za bakteria na 500 za gliseroli ya asilimia 50, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Andika kwenye kichupa jina la plasmidi, aina ya bakteria, dawa na tarehe, kisha faili la mfuatano ulihifadhi kwa jina hilo hilo. Kwa kuwa friza nazo hutegemea stima, dondoshea pia mikrogramu chache za plasmidi kwenye karatasi ya chujio, ikauke, itie kwenye bahasha na uifungie droo ya jengo jingine. Itakapohitajika, loweka kipande kwenye maji na ukiingize kwa bakteria. Midia na seli zilizobaki zitie Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, kwa nusu saa kabla ya kumwaga.